Saa za fildi peke yake hazimfunzi mtu

Mwanafunzi wa ustawi wa jamii anaporudi kutoka fildi, chuo hutaka kuona daftari lililojazwa, lenye sahihi na muhuri wa ofisi. Muhuri unathibitisha kwamba alihudhuria. Alichojifunza hauwezi kukisema.

Fani hii inauthamini sana uzoefu wa kazini. Marekani, ambako kozi ya wiki sita iliyofunguliwa New York mwaka 1898 ilikuja kuwa shule ya ustawi wa jamii ya Chuo Kikuu cha Columbia, mwanafunzi wa shahada ya kwanza hutakiwa kufanya fildi kwa saa zisizopungua 400, na wa uzamili 900. Lakini mwananadharia wa elimu David Kolb, katika kitabu chake cha 1984, alieleza kwamba kufanya ni hatua moja tu kati ya nne: mtu hutenda, hutafakari alichotenda, hupata maelezo yake, kisha huyajaribu upya.

Hatua ya kutafakari ndiyo inayorukwa, ingawa nyenzo yake ipo siku nyingi: kuandika mazungumzo na mteja neno kwa neno, na pembeni mwanafunzi aeleze alichohisi. Tuseme amemtembelea bibi anayelea wajukuu. Bibi anasema, “Tunashukuru Mungu, mwanangu, siku zinakwenda.” Mwanafunzi anaandika: familia haina shida kubwa. Pembeni anaongeza: niliona haya kuuliza habari za chakula. Msimamizi mzuri atasimama hapohapo. Haya hiyo ilikuwa ya nani, yako au ya bibi? Kwetu, mtu mzima hamwagii mgeni shida zake kwa salamu ya kwanza. Shukrani ile huenda ilikuwa adabu tu. Safari ya pili, baada ya shikamoo na mazungumzo ya kutosha, mwanafunzi anauliza taratibu, “Bibi, samahani, jana watoto walilala wamekula?” Hapo ndipo kazi inapoanza.

Bila msimamizi, kosa lile lingerudiwa nyumba kwa nyumba mpaka saa zitimie. Naye msimamizi mara nyingi ni afisa aliyezidiwa na mashauri ya ndoa na matunzo ya watoto, anayemsikiliza mwanafunzi akiwa amesimama mlangoni. Vyuo na waajiri wakubaliane: muda wa kukaa na mwanafunzi kila wiki uingizwe kwenye ratiba ya afisa na uhesabiwe kuwa kazi yake, usiachwe kuwa hisani.