Njia Nyingi za Ujumbe Katika Milima ya Karagwe na Kyerwa

Alasiri ya tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliutikisa Mkoa wa Kagera. Watu walipoteza maisha, na nyumba nyingi zilibomoka au kupata nyufa. Katika saa kama hizo, kitu kinachohitajika mapema kuliko vyote ni habari: nani ameumia, yuko wapi, na msaada upitie wapi. Machi 2023 mkoa huo huo ulipatwa na mlipuko wa ugonjwa wa Marburg, na taarifa ya mgonjwa wa namna hiyo haiwezi kungoja hadi kesho. Kwa hiyo swali la jinsi ujumbe unavyosafiri kutoka zahanati ya bondeni hadi hospitali si la mafundi peke yao.

Wilaya za Karagwe na Kyerwa ziko magharibi ya mkoa, zikipakana na Rwanda. Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, inapakana pia na Uganda. Nchi hiyo imejaa migongo mirefu ya vilima, na baina yake kuna mabonde yenye migomba na kahawa. Mandhari hayo humpendeza msafiri, lakini humsumbua fundi wa redio.

Wimbi na kilima

Vyombo vingi vya mawasiliano ya kompyuta yasiyotumia waya hufanya kazi katika masafa ya gigahazi 2.4, ambapo wimbi moja lina urefu wa sentimeta 12 hivi. Wimbi fupi kama hilo hupenda mstari ulionyooka. Kilima kikisimama kati ya antena mbili, mawasiliano huzimika. Majani ya miti na migomba nayo, kwa kuwa yamejaa maji, hulinyonya nguvu. Matone ya mvua hayalidhuru sana wimbi la masafa hayo, lakini majani yaliyolowa hulidhuru. Ndiyo maana kiungo kilichofanya kazi vizuri wakati wa kiangazi huweza kuyumba masika yanapoingia.

Dawa mojawapo ni mtandao usio na kituo kikuu, ambao vituo vyake hujipanga vyenyewe papo kwa papo. Katika mtandao huo kila chombo ni mpokeaji na pia ni tarishi: hupokea ujumbe wa jirani na kuupeleka mbele, kilima hadi kilima, mpaka umfikie mwenyewe. Fikra hii si ngeni. Utafiti wa mitandao ya redio ya namna hii ulianza nchini Marekani mwaka 1973, na mwaka 2003 kanuni mbili za kuitafutia njia mitandao hiyo, ziitwazo AODV na OLSR, zilichapishwa ili watengenezaji wote wazitumie.

Hesabu ya hatua tatu

Hata hivyo, kupokezana kuna gharama yake. Msomaji achukue mfano wa kubuni: zahanati moja hupeleka ujumbe hospitalini kwa hatua tatu, na kila hatua hufaulu mara 90 katika 100. Ujumbe utafika iwapo tu hatua zote tatu zitafaulu, yaani 0.9 mara 0.9 mara 0.9, ambayo ni 0.729. Kwa hiyo katika kila ujumbe 100, takriban 27 utapotea, ingawa hakuna hatua hata moja iliyo mbovu.

Sasa iwekwe njia ya pili ya hatua tatu, inayopita vilima vingine, na nakala ya ujumbe ipelekwe kila upande. Ujumbe utapotea iwapo tu njia zote mbili zitashindwa pamoja: 0.271 mara 0.271, yaani takriban mara 7 katika 100. Ikiongezwa njia ya tatu, upotevu hushuka hadi mara 2 katika 100. Hivyo vyombo visivyo imara, vikipangwa kwa busara, hutoa huduma iliyo imara. Mtaalamu Paul Baran wa Marekani alionyesha jambo la aina hiyo katika maandiko yake ya mwaka 1964 kuhusu mitandao isiyo na kitovu kimoja.

Nakala, hata hivyo, hujaza hewa. Je, ujumbe ukigawanywa vipande viwili, kila kimoja kikapita njia yake? Hapo hatari huongezeka, maana kipande kimoja kikipotea ujumbe wote hauna maana, na uwezekano wa vyote viwili kufika ni 53 tu katika 100. Lakini hesabu ndogo huokoa. Ikiwa kipande cha kwanza ni 7 na cha pili ni 5, njia ya tatu ipelekewe jumla yao, 12. Vipande viwili vyovyote vikifika, cha tatu hupatikana kwa kujumlisha au kutoa. Kwa mpango huo ujumbe hufaulu mara 82 katika 100, na mzigo ni mara moja na nusu tu ya ujumbe wa awali.

Njia zisizoanguka pamoja

Hesabu hizo zote zina sharti moja: njia ziwe huru, kila moja na bahati yake. Wakazi wa Kagera wanajua gharama ya kutegemea kivuko kimoja. Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipolivunja daraja la Kyaka juu ya Mto Kagera, barabara ya kuelekea Mutukula ilikatika. Barabara mbili zinazokutana darajani ni barabara moja tu.

Ndivyo ilivyo kwa redio. Njia mbili zinazopitia mnara mmoja wa kilimani zitakufa kwa radi moja. Njia mbili zenye minara tofauti lakini laini moja ya umeme zitazimika pamoja. Na njia mbili zinazotumia masafa yale yale karibu karibu huzibana sauti, mfano wa watu wawili wasemao kwa wakati mmoja chumbani. Kwa sababu hiyo watafiti Marina na Das, mwaka 2001, waliiongezea AODV uwezo wa kutafuta njia kadhaa zisizoshirikiana kiungo, ili moja ikikatika nyingine iwe tayari bila msako mpya.

Mitandao ya redio vijijini imekwisha kujaribiwa Afrika Mashariki. Kaskazini ya Uganda, mradi wa BOSCO ulianza mwaka 2007 kuunganisha kambi za waliohamishwa na vita karibu na Gulu, kwa redio za masafa marefu na umeme wa jua.

Kwa Karagwe na Kyerwa, basi, kazi ya kwanza haihitaji mtambo wowote. Ni kuchukua ramani ya vilima, kuchora njia zinazowezekana kutoka kila zahanati, na kuuliza juu ya kila jozi ya njia: zinashiriki nini? Mnara, umeme, masafa au bonde? Njia ya pili isiyoshiriki chochote na ya kwanza, hata ikiwa ndefu zaidi, ndiyo itakayofikisha ujumbe siku ambayo ya kwanza imelala.