Nyayo Ziwakazo Moto Bila Kidonda

Katika Luanda Kotieno, mwalo wa wavuvi wa Kaunti ya Siaya ambako feri huvuka kwenda Mbita, maumivu sugu ya neva, yaani nyuzi zinazopeleka hisia kwenye ubongo, hayaelezeki bila kutaja VVU, virusi vya Ukimwi vilivyoliathiri mno eneo hili la ziwa. Virusi vyenyewe hudhuru neva, na stavudini, dawa iliyookoa maisha ya wengi, iliziharibu pia, hata Shirika la Afya Duniani likashauri mwaka 2009 iachwe hatua kwa hatua. Nyayo huwaka moto, na usiku hata shuka likigusa vidole huuma, ilhali hakuna kidonda, ndiyo maana mgonjwa, kwa dhuluma kubwa, hudhaniwa anajisingizia; naye mvuvi aliyekufa ganzi huweza kukanyaga ndoana mtumbwini asijue.