Spika ya Koni Moja Haitaki Wati Nyingi

Mwaka 1938 kampuni ya Western Electric ya Marekani ilitoa valvu iitwayo 300B. Ikifungwa peke yake kwenye amplifaya, valvu hiyo hutoa takriban wati 8. Leo hakuna muuza redio atakayethubutu kuandika namba kama hiyo kwenye boksi. Maboksi hujisifu kwa maelfu ya wati, hata kama waya mwembamba unaoingia nyuma ya mashine usingeweza kubeba umeme wa kiasi hicho. Hata hivyo 300B bado zinatengenezwa na kununuliwa, na wanunuzi wake wengi wana spika za koni moja.

Spika ya kawaida ya nyumbani hugawa kazi. Wufa hupiga besi, twita hupiga sauti nyembamba, na katikati huwekwa krosova, yaani koili na kapasita zinazoamua nani apelekewe nini. Mpaka huo mara nyingi huangukia kwenye hezi 2,000 au 3,000, palepale ambapo sikio la binadamu ni jepesi kung'amua kasoro. Koni moja haina mpaka wa namna hiyo. Sauti yote ya mwimbaji hutoka sehemu moja. Mhandisi Mwingereza Paul Voigt alibandika koni ndogo ndani ya kubwa, ili ndogo iendelee kutikisika pale kubwa inaposhindwa kufuata, na spika za Lowther, zilizotokana na kazi yake, zinafuata mtindo huo hadi leo. Fostex ya Japani nayo imewahi kutengeneza koni zenye nyuzi za mgomba. Watu wa Bukoba, wenye migomba yao, wanaweza kudai chao.

Koni ya namna hii lazima iwe nyepesi, na sumaku yake iwe na nguvu. Ndiyo maana spika bora za aina hii hutoa desibeli 96 au zaidi zikipewa wati 1 na kupimwa umbali wa mita 1, wakati spika nyingi za kawaida hutoa 86 hivi. Tofauti hiyo ya desibeli 10 maana yake ni nguvu mara kumi: kelele ambayo ya kwanza inaitoa kwa wati 8, ya pili inaidai wati 80.

Lakini wati ndiyo sehemu rahisi ya hesabu. Spika iliyoandikwa omu 8 haikai kwenye omu 8. Karibu na masafa ambayo koni hupenda kutikisika yenyewe, ukinzani wake unaweza kupanda hadi omu 40, na huko juu kwenye sauti nyembamba hupanda tena. Amplifaya nzuri ya transista haijali. Ukinzani wake wa ndani ni mdogo sana, hivyo huishika koni kama breki. Amplifaya ya valvu isiyo na marejesho (feedback) ina ukinzani wa ndani wa omu 2 au 3, na kwa hiyo huipa spika msukumo zaidi palepale ukinzani wa spika unapopanda. Kwa omu 3, besi huinuka kwa takriban desibeli 2. Spika yenye sumaku kali, ambayo besi yake huanza kufifia mapema, hufaidika. Yenye sumaku dhaifu huanza kuvuma hovyo. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya "uchawi wa valvu" unaosimuliwa iko hapa, na fundi anaweza kuujaribu kwa bei ya soda: afunge rizista ya omu 2 au 3, yenye uwezo wa wati 10, kati ya amplifaya ya transista na spika, kisha asikilize. Nelson Pass, mbunifu wa Marekani, aliipeleka hoja hiyo mbali zaidi kwa kuunda amplifaya za transista zenye ukinzani mkubwa wa ndani, mahususi kwa spika hizi.

Halafu kuna chumba, ambacho hakiuzwi pamoja na spika. Kasha lenye upana wa sentimita 20 husukuma mbele sauti zilizo juu ya hezi 600 hivi; zilizo chini ya hapo hulizunguka na kutawanyika, na msikilizaji hupoteza hadi desibeli 6. Spika ikisogezwa karibu na ukuta, sehemu ya kilichopotea hurudi. Voigt alilijua hilo, na katika miaka ya 1930 aliunda spika ya kukaa konani, kuta zikiisaidia kazi.

Kuta za matofali ya simenti, tunazoishi nazo wengi wetu, huizuia besi isitoroke nje, na hilo ni zuri kwa koni yenye besi haba. Ubaya ni mwangwi. Mwaka 1895 Wallace Sabine wa Harvard alianza kubeba mito ya viti na kuiingiza kwenye ukumbi wa mihadhara, akipima sauti inachukua muda gani kufifia. Kwa kanuni aliyoipata, chumba kitupu cha mita 5 kwa 4, chenye dari ya zege yenye kimo cha mita 3 na sakafu ya marumaru, huweza kubaki na mwangwi kwa zaidi ya sekunde 2. Zulia nene, kochi la kitambaa, mapazia mazito na rafu ya vitabu vitasaidia kuliko kubadilisha amplifaya. Chumba cha mraba ni shida nyingine: pande mbili za mita 4 hukoleza noti ileile, ya hezi 43.

Koni ya sentimita 20 ikipiga sauti nyembamba huzielekeza mbele tu. Zinazofikia kuta za pembeni ni chache, lakini kiti kizuri hubaki kimoja. Spika hizi zikielekezwa moja kwa moja masikioni, nyingi huwa kali mno; zigeuze kidogo kidogo nje mpaka ukali utulie.

Rekodi ambazo mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alizifanya Bombay mwaka 1928 zinaienea koni moja bila shida. Mpenzi wa amapiano, muziki wa besi nzito, asidanganyike. Kushuka kutoka hezi 80 hadi 40 kwa kelele ileile kunaidai koni isogee mara nne zaidi, na ikisogea hivyo huitikisa pia sauti ya mwimbaji iliyobebwa juu yake. Huyo aongeze sabufa yenye amplifaya yake, aikate kwenye hezi 80, na besi hiyo asizipe koni kabisa. Chini ya hapo sikio halitambui vizuri sauti inatoka upande gani, kwa hiyo sabufa inaweza kukaa hata nyuma ya kochi.