Mbaruti na Mbegu Zake Nyeusi

Ukipita penye kiwanja ambacho mwenyewe alikisafisha kwa trekta kisha akaishiwa fedha za kujengea, au kando ya reli, au penye malisho yaliyoliwa mpaka udongo ukabaki mtupu, huenda umeuona mmea wa kimo cha nyonga, majani yake ya kijani kinachoelekea buluu, kila ncha ya jani ni mwiba, na mishipa ya majani ni myeupe kama iliyochorwa kwa chokaa. Juu pana ua la manjano, laini kama karatasi. Huo ndio mbaruti. Ukikatwa hutoka utomvu wa njano, na fundi cherehani yeyote atakuambia doa la rangi hiyo si la kuchezea.

Jina lenyewe limeleta mchanganyiko kidogo. Waliofasiri Biblia kwa Kiswahili walilitumia katika Injili ya Mathayo, sura ya 7, mahali panapotajwa miiba na tini. Lakini miiba ya nchi ile ni ya ukoo mwingine kabisa, ukoo wa alizeti, na ndugu yake mmoja ndiye nembo ya Uskoti. Mbaruti huu wa kwetu asili yake ni Mexico na nchi za jirani, na kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492 hapakuwa na mtu wa upande huu wa bahari aliyewahi kuchomwa nao. Ukoo wake hasa ni ule wa mpopi, mmea utoao afyuni. Ulienea duniani kwa mlango wa nyuma, umejificha ndani ya mbegu za mazao zilizosafirishwa kutoka nchi hata nchi.

Sasa tuutazame unavyoishi, maana hapo ndipo penye ujanja wake. Mbaruti hauishi miaka mingi. Huota, huchanua, huzaa na kufa ndani ya msimu mmoja, lakini msimu huo huutumia barabara. Mzizi wake mkuu huzama chini sana kufuata maji, kwa hiyo nyasi zikinyauka wenyewe bado umesimama. Ng'ombe na mbuzi hauwapendezi, kwa miiba na kwa uchungu wa utomvu. Mfugaji akijaza mifugo kupita kiasi, mifugo humla jirani wa mbaruti na kumwachia mbaruti uwanja. Kwa maneno mengine, kila tunapoichosha ardhi ndipo tunapoukaribisha.

Ua likisha, hubaki tunda lenye miiba, umbo kama yai dogo. Likikauka hupasuka juu tu, si chini, likawa kama kichupa cha chumvi: upepo ukiutikisa mti, mbegu hutoka chache chache. Tunda moja huwa na mbegu zipatazo 300 hadi 400, na mti mmoja wenye afya huzaa matunda mengi. Mbegu nyingi huanguka hapo hapo. Zinazosafiri huchukuliwa na maji ya mvua, matope ya kwato na magurudumu, na kwa kuwa mbaruti hupenda sana makorongo na kingo za mito ya msimu, sishangai nikiuona umeota juu ya lundo la mchanga wa kujengea. Tena mbegu haziamki zote pamoja. Nyingine hulala udongoni miaka kadhaa zikingoja jembe lizifunue.

Basi mbona nawachosha watu wa mjini kwa habari za gugu? Ni kwa sababu ya mbegu hizo. Ni nyeusi, mviringo, ndogo kuliko kichwa cha kiberiti, na zinafanana mno na mbegu za haradali. Nchini India, ambako mamilioni hupikia mafuta ya haradali, mwaka 1998 mjini Delhi watu walianza kuvimba miguu, kukosa pumzi na kuishiwa nguvu. Waliougua walizidi 3,000, na zaidi ya 60 walifariki. Mafuta yao yalikuwa yamechanganywa na mafuta ya mbaruti. Sumu iliyomo, iitwayo sangwinarini, huifanya mishipa myembamba ya damu ivuje, maji yakajaa mwilini na moyo ukashindwa kazi. Wengine hupata presha ya macho. Hapa pana kichekesho cha uchungu, kwani jina la kitaalamu, Argemone, limetoka kwa Wayunani, waliokuwa na mmea wa jina hilo wakidhani unatibu macho. Mchanganyiko wa sehemu moja tu katika mia umetajwa kuwa unatosha kumdhuru mtu. Serikali ya India ikapiga marufuku mafuta ya haradali ya kupima.

Sisemi kwamba mafuta ya kupima ya duka la mtaani kwako yana mbaruti. Mbegu ya alizeti haifanani nayo hata kidogo. Wasiwasi wangu uko kwenye nafaka ndogo, hasa ulezi wa uji wa mtoto. Punje za ulezi na mbegu za mbaruti zinakaribiana kwa ukubwa, na ungo hauzitengi vizuri. Ukiona punje nyeusi tii ndani ya ulezi wako, zichague kwa mkono kabla ya kwenda mashineni, hata kama jirani atakucheka.

Ni haki pia niseme kwamba majani yake yamefanyiwa utafiti nchini Mali, ambako wagonjwa wa malaria walipewa maji ya majani yaliyochemshwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalitia moyo. Lakini wale walikuwa chini ya macho ya waganga wa hospitali, na walichopewa ni majani, wala si mbegu. Usijaribu nyumbani.

Kama unao kiwanjani, ung'oe mvua inapokaribia kwisha, udongo ungali laini, kabla matunda hayajapasuka. Vaa glavu nzito au shika kwa gunia. Ukiuacha ukauke ndipo uukate, kila pigo la panga linapanda mwingine. Matunda yaliyokwisha kukauka yafunike kwa mfuko kwanza, ndipo ukate shina chini yake, kisha uchome moto. Mwaka ujao urudi pale pale, maana zile zilizolala zitakuwa zimeota.