Usilale na Mahindi Yenye Unyevu Nyumbani

Wakati wa mavuno mkulima huwa na hofu tatu: mvua, panya na wezi. Kwa sababu ya hofu hizo wengi huvuna kabla mahindi hayajakauka, wakayatia katika magunia yangali na unyevu, kisha wakayapanga chumbani wanamolala na watoto. Mlango ukifungwa, mwenye mali huona salama. Lakini yuko adui wa nne ambaye kufuli haimzuii, naye ni kuvu.

Kuvu ni ule ukungu wa kijani, manjano au mweusi unaoota juu ya punje. Ziko aina nyingi, na moja hutoa sumu kali inayoitwa sumukuvu. Wataalamu huiita aflatoksini. Sumu hii haionekani kwa macho wala haitambulikani kwa ladha. Jambo baya zaidi ni kwamba moto wa jikoni hauimalizi. Ugali ukisongwa hata saa nzima, au githeri ikichemshwa usiku kucha, kuvu yenyewe itakufa lakini sumu yake itabaki ndani ya chakula.

Dunia iliijua sumu hii baada ya mwaka wa 1960, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza. Wataalamu walipochunguza waliona kwamba ndege wale walikuwa wamelishwa unga wa njugu uliokuwa na kuvu.

Hapa kwetu Kenya haikuishia kwa ndege. Mwaka wa 1981 watu 12 walikufa katika wilaya ya Machakos baada ya kula mahindi yenye sumu hii. Tena mwaka wa 2004 watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Wachunguzi walikwenda katika nyumba za wagonjwa, na pia katika nyumba za jirani zao wazima, wakauliza jinsi kila mmoja alivyoweka mahindi yake. Waliona kwamba waliougua ndio hasa walioweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba badala ya ghalani. Mahindi yalikuwa ya shamba lao wenyewe, na waliyaficha ndani ili yasipotee.

Msomaji wa Lugari au Kinangop asiseme kwamba hayo ni mambo ya nchi kavu tu. Ni kweli kuvu hii hupenda joto. Lakini mahindi yenye unyevu yakifungiwa katika gunia hupata joto yenyewe. Tia mkono katikati ya gunia la namna hiyo nawe utasikia. Tena nchi za baridi zina kuvu nyingine zenye sumu zake.

Sumukuvu hupiga ini. Mtu aliyekula nyingi kwa mara moja huumwa tumbo, hutapika, macho hugeuka manjano, na miguu na tumbo huvimba. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi haoni kitu mapema, lakini yumo katika hatari ya saratani ya ini. Ukiona macho ya manjano kwa mtu wa nyumbani kwako, mpeleke hospitali siku ile ile, ukaeleze pia alichokula.

Basi tufanye nini? Mambo yenyewe si ya gharama kubwa.

Kwanza, acha mahindi yakomae. Ukikata mabua na kuyasimamisha shambani, usiyaache muda mrefu, wala magunzi yasiguse udongo, kwa maana kuvu hutoka udongoni.

Pili, anika juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Tandaza mahindi yasizidi unene wa vidole viwili, uyageuze mara kwa mara, na jioni uyafunike au uyaingize ndani ili umande usiyarudishie maji.

Tatu, unapopukuchua usipige kwa nguvu mpaka punje zikavunjika. Punje iliyopasuka ni mlango wazi kwa kuvu.

Nne, pima kabla ya kuweka. Twaa chupa ya kioo iliyokauka yenye kifuniko. Tia vijiko 2 au 3 vya chumvi kavu, kisha mahindi mpaka theluthi ya chupa. Funga, tikisa dakika moja, uiache dakika 15. Chumvi ikigandamana na kioo, unyevu umepita sehemu 15 katika 100. Rudisha mahindi juani. Isipogandamana, bado anika siku moja au mbili zaidi, kwa kuwa kipimo cha kuweka ghalani ni sehemu 13 na nusu.

Tano, weka mahindi katika ghala lililoinuliwa lenye kupitisha upepo, na panga magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Anayetumia mifuko isiyopitisha hewa ahakikishe kwanza kwamba mahindi ni makavu kabisa. Kama wezi ndio shida na huna budi kuweka ndani, ingiza makavu tu, uyaweke juu ya mbao katika chumba kisichovuja.

Sita, akina mama wanaochagua mahindi kabla ya kupeleka kinuni wanafanya kazi kubwa. Toa punje zote zenye ukungu, zilizooza na zilizosinyaa. Kukoboa, kama wafanyavyo wapishi wa muthokoi, hupunguza sumu, ingawa hakuimalizi. Na zile punje mbaya usiwape kuku wala ng'ombe. Kuku watadhoofika, na ng'ombe wa maziwa huipitisha sumu katika maziwa, ikarudi katika kikombe cha mtoto. Zifukie mbali na boma.

Wako wanaosema kwamba kukausha ni kupunguza mali. Na tufanye hesabu. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa sehemu 18 katika 100, likikaushwa mpaka sehemu 13 na nusu, litabaki kilo 85 hivi. Zile kilo 5 zilizopungua zilikuwa maji matupu. Anayeuza maji hayo anaweza kurudishwa na lori lake kutoka depo ya nafaka, na anayeyaweka nyumbani anafuga kuvu. Gunia moja likioza humtoa mkulima kilo 90 zote.

Panya akila debe moja, hasara ni debe hilo. Sumukuvu ikiingia ghalani, anayelipa ni mtoto, naye hakuulizwa kama mahindi yalikuwa makavu. Kwa hiyo, kabla ya kufunga gunia la kwanza msimu huu, tafuta chupa na chumvi upime. Asiyeelewa jambo lolote katika haya amwulize Afisa wa Kilimo aliye karibu naye.