Mbwa Aitwapo kwa Kilatini

Msomaji, ukimpa mbwa jina la Kilatini, tazama mwisho wake. Lupus, yaani mbwa-mwitu, akibweka ni Lupus. Ukimfukuza ni Lupum. Ukimwita, sharti useme 'Lupe!' Aliyeonja nahau ya Kiarabu hatashangaa: Abu naye akiitwa huwa 'Ya Aba!' Lakini mnyama chuoni hakwenda, hujua sauti tu.

Columella, Mrumi aliyeandika habari za kilimo katika karne ya 1, alitaka majina ya mbwa yasiwe marefu, ili wasikie upesi, wala yasipungue silabi mbili. Akataja Ferox, Celer, Lupa. Sababu yake ilikuwa urefu. Ila majina hayo, ukiyataja au ukiyaita, hayageuki. Mimi ningemchukua Celer, 'mwepesi', Lupus nikawaachia wanafunzi.