Keki ya Kakao Ipikwayo kwa Moto wa Juu na Chini

Wasikilizaji wetu na wasomaji wetu, mazungumzo yetu ya leo ni ya jikoni. Twataka kueleza jinsi ya kupika keki ya kakao yenye umbo la boflo. Keki hii haihitaji tanuri la chuma wala mashine ya kukorogea. Yataka sufuria, makaa, mwiko na saa.

Huenda mtu akasema, "Habari za keki ni habari za watoto na sikukuu, zina faida gani kuelezwa watu wazima?" Sisi twajibu hivi: mayai mawili, kikombe cha sukari na unga wa kakao ni mali. Mama aliyeyaweka mayai yale angaliweza kuyauza, au kumwachia kuku ayaatamie. Basi keki ikiharibika, imeharibika mali ya nyumba, na mara nyingi mbele ya wageni. Tena wengi wakiharibikiwa mara moja husema, "Mimi sina mkono wa keki," wakaacha kabisa. Neno hilo si kweli. Keki haiujui mkono wa mtu. Yajua kipimo, na moto, na wakati. Kila keki iliyoanguka ilianguka kwa sababu, na sababu hiyo yaweza kujulikana.

KAKAO NI NINI

Asili ya mti wa kakao ni misitu yenye joto na mvua ya Amerika ya Kusini. Watu wa Meksiko walizijua mbegu zake zamani, kabla ya Wahispania kufika huko katika karne ya 16. Walizisaga wakazinywa kwa maji na pilipili bila sukari, na sokoni walizitumia kama fedha. Tunda lake ni kubwa, nalo huota juu ya shina lenyewe na juu ya matawi manene. Ndani yake mna mbegu zilizozungukwa na utelezi mweupe mtamu. Wakulima huzifunika mbegu kwa majani ya mgomba, au huzitia katika masanduku, zichachuke kwa muda wa siku tano au sita, kisha huzianika juani. Zisipochachuka, harufu ile njema ya chokoleti haitokei.

Katika nchi zetu kakao hulimwa Kyela, kusini-magharibi ya Tanzania, na Bundibugyo, magharibi ya Uganda, na Beni, mashariki ya Kongo. Basi huenda wako miongoni mwa wasomaji wetu watu waijuao kakao shambani wasioijua mezani. Keki hii ni haki yao kwanza.

Kiwandani mbegu hukaangwa na kusagwa. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Mwaka 1828, kule Amsterdam katika nchi ya Uholanzi, Van Houten alipata hati ya mashine ya kuyakamua mafuta hayo; makapi yaliyobaki yakasagwa, na huo ndio unga wa kakao tuununuao leo.

Angalieni jambo moja mnunuapo. Makopo mengine yana kakao tupu, na mengine yana unga wa kinywaji uliokwisha tiwa sukari na maziwa. Someni maandishi ya kopo. Kama kitu cha kwanza katika orodha ya vitu vilivyomo ni sukari, hiyo ni ya kunywa, wala haifai kwa kazi hii; keki itakuwa tamu kupita kiasi na ladha ya kakao haitasikika.

VITU VINAVYOTAKIWA

Unga wa ngano, vikombe 1½.
Kakao tupu, vijiko vikubwa 5.
Sukari, kikombe 1.
Mafuta ya kupikia yasiyo na harufu kali, au siagi iliyoyeyushwa, kikombe ½.
Mayai 2.
Maziwa, kikombe ½.
Maji yanayochemka, kikombe ½.
Bekin pauda, vijiko vya chai 2.
Chumvi, kijiko cha chai ¼.

Kikombe tusemacho ni kile kinachojazwa na robo ya lita. Kama hamna kipimo hicho, twaeni kikombe cho chote kinachokaribia kiasi hicho, mkitumie hicho hicho kwa kila kitu, maana keki hupenda ulinganifu. Unga usishindiliwe kikombeni. Utieni kwa kijiko, kisha sawazisheni juu kwa mgongo wa kisu. Kikombe kilichoshindiliwa huzidi sana kile kisichoshindiliwa, na hapo ndipo keki nyingi huanza kuwa ngumu kabla hazijafika motoni.

KAZI YA KILA KITU

Unga na mayai ndio kuta za nyumba: vikipata moto huganda na kushika umbo. Sukari na mafuta huzilainisha kuta hizo zisiwe kavu. Na kitu kinachoinua ni bekin pauda.

Watu wengi huichanganya na hamira, lakini ni vitu viwili mbalimbali. Hamira ni kitu hai, huumua unga pole pole, tena hutaka kungojewa. Bekin pauda ni unga mkavu uliotengenezwa kwa soda iliyosafishwa, na kitu chenye ukali kama wa ndimu, na wanga wa kuviweka vikavu. Ikipata maji, ile soda na ule ukali hukutana na kutoa hewa, hewa ile ile ifanyayo mapovu katika soda ya chupa. Alfred Bird, muuza dawa wa Birmingham, Uingereza, alitengeneza unga wa namna hii mwaka 1843, kwa kuwa mkewe hakuweza kula mkate uliotiwa hamira. Basi jambo lililoanza kwa mume kumhurumia mkewe limeingia katika jiko la dunia nzima.

Kwa kuwa unga huo hufanya kazi mara upatapo maji, yatupasa mambo mawili. La kwanza, tusiutumie uliokwisha lala na kupata unyevu. Tieni kijiko kimoja katika maji ya moto: ukitoa mapovu mengi mara hiyo, ni mzima, ukinyamaza, umekufa. La pili, keki ikiisha changanywa isingojeshwe. Moto uwe tayari kwanza, ndipo mchanganye.

Wakaao katika nchi za milima mirefu wapunguze bekin pauda kidogo, kiasi cha robo. Huko juu hewa hukandamiza kidogo, kwa hiyo keki hupanda upesi mno, kisha huanguka.

MOTO

Twaeni sufuria kubwa nzito yenye kifuniko bapa. Mimineni ndani mchanga mkavu, kimo cha vidole viwili, na juu yake pangeni vijiwe vitatu vikavu. Vijiwe vilivyookotwa majini havifai, maana maji yaliyomo huweza kuvipasua motoni. Wekeni sufuria juu ya jiko la makaa, ifunikeni, iacheni ishike moto kwa robo saa au zaidi. Watu wa pwani wapikao mkate wa kumimina wanaijua kazi hii ya moto wa juu na chini. Kanuni ni ileile: makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Moto wa chini ukizidi, keki huungua tako na kubaki mbichi moyoni.

Ili kuupima moto, wekeni kipande cha karatasi nyeupe juu ya vijiwe, mfunike. Baada ya dakika 5 karatasi ikiwa imegeuka rangi ya manjano hafifu, moto wafaa. Ikiwa imekuwa ya kahawia iliyoiva, ondoeni makaa. Ikiwa nyeupe bado, ongezeni. Mwenye tanuri lenye kipimo aliweke katika digrii 175 za sentigredi.

Tena twawaonya: msifanye kazi hii ndani ya chumba kilichofungwa. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, ambayo imekwisha waua watu usingizini. Pikeni uani, au penye madirisha na mlango wazi.

KUCHANGANYA

Pakeni mafuta bati la keki lenye umbo la boflo, na chini yake tandikeni karatasi iliyopakwa mafuta.

Tieni kakao katika bakuli, mimineni maji yanayochemka, mkoroge mpaka yawe kama uji mzito usio na madonge. Maji ya moto huilainisha kakao na kuitoa harufu yake. Ikitiwa kavu, hunyonya maji ya keki na kuacha vidonge vichungu. Acheni ipoe kidogo, ili isiyaivishe mayai.

Katika bakuli la pili pigeni mayai na sukari kwa dakika tatu au nne, mpaka yabadilike rangi na kuwa mazito. Ongezeni mafuta, kisha maziwa, kisha ule uji wa kakao. Pembeni chekecheni pamoja unga, bekin pauda na chumvi. Mimineni unga huo katika bakuli kwa mafungu mawili, mkichanganya pole pole kwa mwiko. Mara uusionapo unga mweupe tena, acheni.

Hapo ndipo penye kosa la mtu mwenye bidii. Yeye huendelea kupiga, akidhani kwamba kazi nyingi ndiyo kazi njema. Lakini unga wa ngano una kitu kinatacho, na kila ukizidi kukorogwa hicho huzidi kukaza kamba zake. Mkate wataka kamba hizo, keki haizitaki. Keki iliyokorogwa sana huwa ngumu kama mpira.

KUIVA KWAKE

Mimineni katika bati mpaka theluthi mbili za kimo chake, lisijae. Liwekeni upesi juu ya vijiwe, funikeni, pangeni makaa juu. Tazameni saa. Keki itachukua dakika 50 hata saa moja. Makaa ya juu yakififia, yaongezeni bila kufunua kifuniko.

Msifunue kabla ya dakika 40. Sisi wenyewe tulipoanza hatukuliamini neno hili. Harufu ilipotoka tulifunua kwa dakika ya 15, tukafurahi kuiona imepanda kama kilima. Na tulipofunua tena ilikuwa imeshuka katikati kama kisima. Wageni walikuwa wamekwisha piga hodi. Ikatubidi kukata vipande vya kandokando tu, na kuuficha moyo wake jikoni. Sababu yake twaijua leo: hewa ya baridi iliingia, ile hewa ya ndani ikanywea, na kuta zilikuwa hazijaganda.

Tena keki hii ina tabia yake. Keki nyeupe humwambia mpishi kwa rangi kwamba imeiva. Keki ya kakao ilikuwa nyeusi tangu haijaingia motoni, basi macho hayawezi kuwa mashahidi. Shahidi wake ni chelewa. Twaeni chelewa safi, mchome katikati ya keki na kuitoa. Ikitoka na ute, bado. Funikeni kwa dakika 7 tena. Ikitoka na chembe chache kavu, au safi kabisa, imeiva.

Itoeni, iacheni ndani ya bati kwa dakika 10, kisha igeuzeni juu ya ungo ipoe. Msiikate ingali moto, maana huvunjika na kushikamana na kisu. Wazee walisema, mwenye pupa hadiriki kula tamu. Keki moja yatoa vipande kumi hata kumi na viwili. Ikifunikwa vema katika kopo kavu hukaa siku mbili au tatu, na watu wengi huiona tamu zaidi siku ya pili.

MAKOSA NA SABABU ZAKE

Ikianguka katikati: ilifunuliwa mapema, au bekin pauda ilizidi, au haikuiva.
Ikipasuka sana juu: moto wa juu ulikuwa mkali mno mwanzoni.
Ikiwa ngumu: unga ulizidi, au ilikorogwa sana.
Ikikataa kupanda: bekin pauda ilikuwa imekufa, au mchanganyiko ulingojeshwa.
Ikiungua chini: makaa ya chini yalizidi, au mchanga ulikuwa haba.

Wanafunzi wetu, wekeni daftari jikoni. Kila mpikapo, andikeni vipimo, idadi ya makaa ya chini na ya juu, na dakika. Ikitokea kosa, badilini jambo moja tu mara ijayo, kisha mtazame. Mkibadili mambo matatu kwa pamoja, hamtajua lililoponya ni lipi. Na yule bibi au bwana asemaye kwamba hana mkono wa keki, mpeni daftari hilo alisome. Kisha mwachieni yeye chelewa, aichome keki kwa mkono wake mwenyewe.